Kamba ikikatika, injini ikizima: Sekunde za hatari wakati ndege inapaa

Na Mwandishi Wetu

MBELE ya Ndagoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, upo mlango wa bahari unaokitenga kisiwa hicho na delta ya Mto Rufiji. Juu ya maji hayo, kati ya Novemba 1914 na Julai 1915, zilifanya kazi baadhi ya ndege za mwanzo kabisa kuruka katika Afrika Mashariki. Ndipo pia marubani wake walipojifunza, kwa gharama kubwa, somo ambalo mpaka leo hufundishwa mapema katika kila shule ya urubani.

Somo hilo ni kwamba sehemu kubwa ya hatari ya safari ya angani imejibana katika sekunde chache baada ya ndege kuiacha ardhi au maji. Rubani anayepoteza nguvu inayomvuta katika sekunde hizo hana nafasi ya kuanza kufikiri. Kinachomwokoa ni uamuzi alioufanya kabla ya kuondoka.

Hakuna chombo kinachoonyesha jambo hilo waziwazi kuliko glaida, yaani ndege isiyo na injini, inapopandishwa angani kwa kuvutwa na ndege nyingine. Makala haya yanaeleza dharura zinazoipata glaida wakati wa kupaa, kwa nini baadhi yake huua, na jinsi kanuni hizo zinavyowahusu wakazi wa Mafia, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisafiri kwa ndege ndogo.

Glaida na namna inavyovutwa

Glaida ina mabawa marefu na membamba, na hukaa hewani kwa kuteleza kuelekea chini taratibu. Inapokuta hewa ya joto inayopanda, hupanda pamoja nayo, na rubani hodari huweza kukaa angani kwa saa nyingi bila tone la mafuta. Glaida ya mafunzo aina ya ASK 21, kwa mfano, husonga mbele takriban meta 34 kwa kila meta moja inayoshuka. Ndege ndogo ya abiria wanne aina ya Cessna 172, injini ikiwa imezimika, husonga takriban meta tisa tu.

Kwa kuwa haina injini, glaida lazima ipandishwe na nguvu ya nje. Njia mojawapo ni winchi iliyofungwa mwisho wa uwanja. Njia nyingine, iliyoanza kutumika nchini Ujerumani mwaka 1927, ni kuvutwa na ndege yenye injini kwa kamba ambayo aghalabu ina urefu wa meta 50 hadi 60. Zikifika kwenye kimo kinachotakiwa, rubani wa glaida huvuta kitasa cha kuachilia kamba, na kila chombo hushika njia yake.

Katika kamba hiyo huwekwa kiungo dhaifu, yaani kipande cha chuma kilichotengenezwa kwa makusudi kikatike kabla ya kamba au mwili wa glaida kuharibika. Viungo hivyo hutofautishwa kwa rangi, na vingi hukatika kwa mvuto unaolingana na uzito wa kati ya kilo 500 na 1,000, kutegemea aina ya glaida. Kwa maneno mengine, kukatika kwa kamba si jambo lisilotarajiwa. Ni jambo lililoandaliwa, na rubani anapaswa kuliandaa kichwani mwake vilevile.

Jinsi ajali zinavyotokea

Dharura ya kwanza hutokea glaida ikiwa bado ardhini. Mwanzo wa mbio, mtu mmoja hukimbia akiwa ameshika ncha ya bawa ili lisiguse chini. Kasi ikiwa bado ndogo, usukani hauna nguvu ya kutosha, na bawa likigusa majani marefu glaida huweza kuzunguka ghafla kama mtumbwi ulionasa kwenye mwamba. Kanuni hapa ni moja: bawa likigusa chini, kamba iachiliwe papo hapo. Ajali nyingi za aina hii hutokana na rubani kusubiri, akitumaini kwamba bawa litainuka lenyewe.

Dharura ya pili ndiyo inayoogopwa zaidi na marubani wa ndege zinazovuta. Kwa kuwa glaida ni nyepesi na ina mabawa makubwa, huiacha ardhi kabla ya ndege iliyo mbele yake. Rubani wake anatakiwa kubaki chini, meta mbili au tatu tu juu ya uwanja, mpaka ndege inayovuta nayo iinuke. Akiiachia glaida ipande haraka, kamba huunyanyua mkia wa ndege ya mbele, na pua yake huelekezwa chini. Rubani wa mbele akivuta mtambo wake kwa nguvu zote haimsaidii, kwa sababu nguvu ya kamba ni kubwa kuliko ya usukani wake. Yakitokea hayo karibu na ardhi, huwa hakuna nafasi ya kujinasua hata kama kamba itaachiliwa.

Marubani kadhaa wa ndege za kuvuta wamepoteza maisha kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa glaida hufundishwa kwamba akipoteza kuiona ndege iliyo mbele yake, hata kwa sekunde moja, aachilie kamba bila kuuliza.

Dharura ya tatu ni breki za hewani kufunguka. Hizi ni bapa zinazoinuka juu ya mabawa ili kusaidia glaida kushuka wakati wa kutua. Zisipofungwa sawasawa kabla ya kuondoka, hufyonzwa na hewa na kufunguka, na ndege inayovuta hushindwa kupanda. Rubani wa mbele akiona hivyo hutikisa usukani wa mkia wake kushoto na kulia, kumwambia mwenzake aangalie breki. Lakini ipo ishara nyingine, ya kuinamisha mabawa upande huu na huu, ambayo maana yake ni kuachilia kamba mara moja. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba rubani wa glaida amezichanganya ishara hizo, akaachilia kamba akiwa chini sana huku breki zake zikiwa wazi, na akaanguka.

Dharura ya nne ni kifuniko cha kioo kufunguka wakati wa mbio au mara tu baada ya kupaa. Kelele na upepo humshtua rubani, naye huacha kila kitu ili akifunge. Wakufunzi husema kwamba kifuniko kilichofunguka si lazima kiangushe glaida. Kinachoiangusha ni rubani aliyeacha kuiendesha ili ashughulikie kifuniko.

Dharura ya tano ndiyo inayotajwa zaidi: kamba kukatika, au injini ya ndege inayovuta kupungua nguvu, baada ya vyombo vyote viwili kuwa hewani.

Kwa nini kugeuka nyuma huua

Nguvu ya kuvuta inapokatika, pua ya glaida huwa imeelekea juu. Ikiachwa hivyo, kasi hupungua kwa sekunde chache, na kasi ikipungua kupita kiasi bawa huacha kubeba. Huo ndio mwisho uliompata Mjerumani Otto Lilienthal, baba wa mchezo wa glaida, ambaye Agosti 9, 1896 upepo uliinua chombo chake kikapoteza kasi na kuanguka kutoka meta kadhaa. Alifariki dunia siku iliyofuata.

Kwa hiyo tendo la kwanza, kabla ya lingine lolote, ni kushusha pua ili kulinda kasi. Tendo la pili ni kuachilia kipande cha kamba kilichobaki kikining'inia. Tendo la tatu ni kutua, na hapa ndipo kimo kinapoamua.

Nchini Marekani, futi 200, yaani takriban meta 60, hufundishwa kuwa kimo cha chini kabisa ambacho rubani wa glaida anaweza kufikiria kugeuka na kurudi uwanjani. Chini ya hapo lazima atue mbele yake, akipinda kidogo tu kukwepa vizuizi. Katika nchi nyingine wakufunzi huongeza kimo hicho, hasa siku ya upepo mkali. Wanafunzi wengi huambiwa wakitaje kimo hicho kwa sauti wakati kamba ikiwa bado inavuta, ili jibu liwe tayari midomoni kabla swali halijaulizwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Glaida inayokwenda kilometa 100 kwa saa, ikilalia ubavu kwa nyuzi 45, huhitaji takriban sekunde tisa kukamilisha nusu duara, na duara hilo lina upana wa karibu meta 160. Maana yake ni kwamba rubani aliyegeuka nusu duara kamili hajarudi uwanjani. Yuko pembeni mwa uwanja, meta 160 kutoka alikotaka kuwa, na lazima apinde tena.

Aidha, kulalia ubavu kwa nyuzi 45 huongeza kasi ya chini inayohitajika kubaki hewani kwa karibu asilimia 19. Kwa nyuzi 60, ongezeko hufikia asilimia 41. Rubani aliyekuwa na kasi ya kutosha akienda moja kwa moja anaweza kukosa kasi hiyo katikati ya kona.

Upepo nao huongeza mtego. Ndege hupaa kuukabili upepo, kama wakazi wa pwani wanavyojua kwamba chombo huheshimu kusi na kaskazi. Akigeuka nyuma, upepo uliokuwa usoni unakuwa mgongoni. Ardhi inaonekana kukimbia, rubani anadhani anakwenda kasi mno, na mkono wake unavuta pua juu ili apunguze mwendo. Kumbe kasi yake hewani ni ndogo, na bawa huacha kubeba akiwa meta 30 juu ya ardhi.

Ndiyo maana kutua mbele, hata kama mbele kuna shamba la minazi, vichaka au maji, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokoa maisha. Ndege inayogusa chini ikiwa sawa na chini ya udhibiti huvunjika, lakini aliyemo ndani mara nyingi hutoka. Inayoanguka kwa pua au kwa ubavu humaliza kila kitu. Wahenga walisema nusu shari ni heri kuliko shari kamili, na katika urubani methali hiyo ni kanuni ya kazi.

Nyororo na Mafia, 1914 na 1915

Yaliyotokea Mafia miaka 12 kabla ya glaida ya kwanza kuvutwa na ndege yanathibitisha kwamba kanuni hizi haziangalii aina ya chombo. Septemba 20, 1914, manowari ya Ujerumani iitwayo Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mikoko na vijito vingi viliifanya isionekane kutoka baharini. Waingereza walihitaji jicho la angani.

Rubani wa kwanza, Dennis Cutler, alikuwa raia aliyekuwa akirusha ndege ya majini aina ya Curtiss mjini Durban, Afrika Kusini. Alipewa cheo cha kijeshi na kuletwa na ndege yake hadi kisiwa kidogo cha Nyororo, jirani na Mafia, Novemba 1914. Katika safari ya kwanza alipotea, akalazimika kuteremka kwenye kisiwa kingine upande wa kusini mpaka meli ilipomkuta. Rejeta ya injini yake ilivuja, na nyingine ya gari la Ford ilibidi itafutwe Mombasa. Baada ya kuiona Königsberg na kuthibitisha ilipo, injini ilimsaliti mwezi Desemba juu ya delta. Aliteremka majini salama, lakini mikononi mwa Wajerumani, akatekwa.

Februari 1915 zililetwa Nyororo ndege mbili za majini aina ya Sopwith, pamoja na marubani wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, miongoni mwao John Cull. Ndege hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Katika joto la Mafia zilishindwa kuinuka majini zikiwa na rubani, msaidizi wake, mabomu na mafuta kamili. Gundi iliyoshika mbao zake ilianza kuachia kwa joto na unyevu. Zilipopunguziwa mzigo ili ziweze kupaa, hazikuwa tena na uwezo wa kufanya kazi iliyozileta.

Mwezi Aprili zilifuata ndege za majini aina ya Short. Hizi zilipaa, na zilileta picha za manowari hiyo, lakini zilikuwa zimechakaa na hazikuweza kupanda juu vya kutosha kukwepa risasi za Wajerumani.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kukiteka kisiwa cha Mafia tangu Januari 1915, na uwanja wa ndege za nchi kavu uliandaliwa kisiwani. Mwezi Juni zililetwa ndege nne, mbili aina ya Caudron na mbili aina ya Henri Farman. Kabla ya shambulio kuanza, moja ya kila aina ilikuwa imeharibika katika ajali. Nusu ya nguvu yote ya anga ilipotea bila adui kuigusa.

Shambulio la kwanza lilifanyika Julai 6, 1915. Meli mbili za mizinga zinazoweza kupita maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia deltani na kufyatua zaidi ya makombora 600 huku ndege zikipokezana kuelekeza shabaha kutoka angani. Königsberg ilipata madhara lakini haikuzama.

Julai 11 Waingereza walirudi. Cull alikuwa akirusha ndege aina ya Farman, na msaidizi wake, Harwood Arnold, akituma masahihisho ya shabaha kwa redio kwa alama za Morse. Wakiwa zaidi ya futi 2,000 juu ya delta, injini yao iliharibiwa na makombora ya Königsberg. Kuanzia dakika hiyo ndege yao ilikuwa glaida.

Cull hakujaribu kurudi Mafia. Hesabu ilikuwa wazi: kisiwa kilikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na kimo alichokuwa nacho hakikutosha hata nusu ya safari. Alishusha pua, akailinda kasi, akachagua maji yaliyo karibu na Mersey na kuelekea huko. Muda wote wa kuteremka Arnold aliendelea kutuma masahihisho, akiwaomba pia wenzao watume mashua kuwachukua.

Ndege iligusa mto na kupinduka. Arnold alitoka mapema. Cull, ambaye hakuwa amefungua mkanda wake, alinasa chini ya maji kabla ya kujinasua. Mashua ya Mersey iliwaokoa wote wawili. Saa chache baadaye Königsberg ilikuwa imeharibika kabisa, na mabaharia wake walikamilisha kuizamisha wenyewe. Cull na Arnold walitunukiwa nishani ya DSO.

Katika safari hiyo mna kila kinachofundishwa leo: pua kushushwa, mahali pa kutua kuchaguliwa mapema, hakuna kugeukia nyumbani kusikofikika. Mna pia kosa moja dogo, la mkanda, ambalo nusura ligharimu maisha baada ya hatari kubwa kupita.

Joto la pwani linavyoiba nguvu

Matatizo ya Nyororo hayakuwa ya bahati mbaya. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Bawa hupata kidogo cha kushika, injini hupata hewa pungufu ya kuchomea mafuta, na pangaboi hukosa cha kusukuma. Yote matatu hutokea kwa pamoja.

Vipimo vya uwezo wa ndege huandikwa kwa kuanzia nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 32, ambayo si ajabu Mafia katika miezi ya kaskazi, hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia sita. Ndege iliyo katika usawa wa bahari hujihisi kana kwamba iko kwenye uwanja ulio juu ya mlima wa meta 600 hivi, na unyevu wa pwani huongeza kidogo tena. Mbio za kupaa hurefuka na kupanda huwa kwa polepole.

Katika nyanda za juu hali ni ngumu zaidi. Mweiga, karibu na Nyeri nchini Kenya, mahali palipojulikana kwa mchezo wa glaida, pako zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ileile yenye joto inayozipandisha glaida mchana ndiyo inayozidhoofisha ndege za injini wakati wa kupaa. Kinachopungua hapo ni akiba ya rubani: anafika mwisho wa uwanja akiwa chini zaidi, na nguvu ikikatika ana sekunde chache zaidi za kupoteza.

Msafiri wa leo

Wakazi wa Mafia hawapandi glaida, lakini ndege nyingi zinazowahudumia ni ndogo, na baadhi zina injini moja tu. Uwanja wa Kilindoni ulitiwa lami mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la MCC la Marekani, na kila meta ya lami iliyoongezeka ni nafasi ya rubani kusimamisha ndege ambayo haijapaa. Hata hivyo, uwanja mzuri haufuti kanuni.

Agosti 6, 2019 ndege aina ya Cessna Caravan iliyokuwa na watu tisa ilianguka wakati ikipaa kutoka uwanja huo na kuteketea kwa moto. Watu wote tisa walitoka hai. Septemba 23 mwaka huohuo, ndege nyingine ya aina hiyo ilianguka wakati wa kupaa katika uwanja mdogo wa Soroi, Serengeti, na watu wawili waliokuwamo walifariki dunia. Aina ya ndege ilikuwa moja na hatua ya safari ilikuwa moja, lakini mwisho ulikuwa tofauti.

Mfano maarufu zaidi duniani wa uamuzi wa aina hii ni ule wa Januari 15, 2009, jijini New York. Ndege ya US Airways ilipoteza injini zote mbili kwa kugonga ndege wa angani muda mfupi baada ya kupaa, ikiwa karibu futi 2,800 juu. Rubani Chesley Sullenberger, ambaye pia alikuwa na leseni ya glaida, aliteremka katika Mto Hudson, na watu wote 155 waliokoka. Wachunguzi walipolijaribu tukio hilo kwenye mitambo ya mafunzo, waliokuwa wameambiwa wageuke papo hapo waliweza kurudi uwanjani. Muda wa sekunde 35, ambao binadamu huuhitaji kuelewa kilichotokea, ulipoongezwa, jaribio la kurudi liliishia katika ajali.

Kwa abiria anayevuka bahari kwenda au kutoka Mafia, lipo jambo lililo mikononi mwake mwenyewe. Novemba 23, 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo waliojaza upepo maboya yao wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, maboya yaliwainua na kuwabana darini, wakashindwa kuufikia mlango.

Kwa hiyo maelezo yanayotolewa kabla ya safari si mapambo. Abiria anapaswa kujua mlango ulio karibu naye, namna mkanda wake unavyofunguka, na kwamba boya hujazwa upepo baada ya kutoka nje. Asichukie pia anapoambiwa kwamba mzigo wake umezidi na utabaki, au kwamba ndege itasubiri joto lipungue. Sopwith za Nyororo zilishindwa kuinuka kwa sababu hiyohiyo, na siku hizo hapakuwa na abiria ndani.

Kwa upande wa rubani, awe nyuma ya kamba au nyuma ya injini, maswali ni manne, na hujibiwa ndege ikiwa bado imesimama: upepo unatoka wapi, nitasimamishia wapi kama sijapaa, nitatua wapi kama nguvu itakatika chini ya futi 200, na kuanzia kimo gani nina ruhusa ya kugeuka. Asiye na majibu hayo bado hajawa tayari kuondoka.